Mazimwi Wasiojua Salamu

Tangu nistaafu, nyinyi vijana wa chumba cha wahariri mmekuwa mkinipigia simu kuniuliza mambo mawili: wapi niliweka ufunguo wa kabati la kamusi, na je, ni kweli kwamba zamani tulikuwa tukikata maneno kwa wembe? Ufunguo umo kwenye kikombe kisicho na mkono. Na ndiyo, tulikata kwa wembe. Haya mengine nimeyaandika msije mkadhani kazi hii ilianza na nyinyi. Vyeo nilivyopanda sitavitaja, maana vilikuwa vichache na havikunifundisha kitu.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika kiwanda kidogo cha uchapaji huko Mji wa Kale, chini ya nyumba ya ghorofa yenye mlango wa nakshi ulioliwa na mchwa. Siku ya kwanza niliingia mbio, nikaenda moja kwa moja kwenye meza niliyokuwa nimeonyeshwa, nikatoa kalamu yangu nyekundu, nikaanza kazi. Nilitaka waone kwamba mimi si mvivu. Baada ya muda nikasikia mashine imezimwa na watu wote wananitazama. Msahihishaji mkuu wa prufu, mzee mwembamba mwenye kofia ya viua, akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "umekuja kazini au umekuja kutuibia?"

"Nimekuja kazini, mzee."

"Mwizi ndiye aingiae kwa watu asitoe salamu. Hebu toka nje, uingie tena."

Nikatoka. Nikasimama kichochoroni na mkoba wangu, mbele ya muuza kahawa aliyekuwa ameona yote na hakujisumbua kuficha kicheko. Kisha nikaingia tena, nikatoa salamu, nikaulizwa hali yangu, hali ya mama, hali ya baba, watoto ambao sikuwa nao, na safari yangu kutoka Buxton, ambayo ni mwendo wa kutembea tu. Kila mmoja aliuliza kwa zamu yake. Nilipokaa kitini jua lilikuwa limekwisha panda, na hakuna aliyeona kwamba muda umepotea.

Huyo ndiye Mzee Athmani, na karibu kila ninachokijua katika kazi hii kimetoka kwake. Prufu tulisomeana wawili wawili, mmoja ameshika asili, mwingine ameweka rula ya chuma chini ya mstari. Alisoma kila kitu kwa sauti, pamoja na vituo: "Wazazi wa bwana harusi mkato wakishirikiana na jamaa wote mkato wana furaha kukualika nukta." Kadi ya harusi aliisoma kwa heshima ileile aliyoisomea kitabu cha dua. Na kadi za harusi, niwaambie, ndizo zilizokuwa kesi ngumu. Kitabu cha kiada kikikosewa, mwalimu hunung'unika tu. Kadi ikitanguliza upande wa bibi harusi, wajomba wa bwana harusi huja mlangoni na fimbo. Safari moja ilibidi tuchape kadi za aina mbili za harusi moja, na kumwomba Mungu wageni wasikae karibu wakazilinganisha.

Mchoraji na mpangaji wetu wa kurasa alikuwa Dama, Mgiriama wa Kaloleni, kule bara. Huyo alikuwa na mkono ambao sijauona tena. Mkato mmoja ukikosekana kwenye ukurasa uliokwisha pangwa, aliukata kwa wembe kutoka kwenye karatasi ya akiba, akaushika kwa kibano, akaubandika mahali pake bila kukatiza mazungumzo. Tulikula pamoja mchana, mbaazi na mahamri, na mara nyingi alinisimulia juu ya binti yake Sidi, aliyekuwa akisoma skuli ya hapo hapo kisiwani na watoto wa Mji wa Kale.

Juu yetu wote alikuwa Bwana Twaha, mwenye kiwanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na shajara ya ukoo wake. Ilitundikwa ukutani nyuma ya kiti chake, ndani ya kioo, kwa wino wa dhahabu: majina ya wanaume watupu, yakianzia Hadhramaut na kuteremka mpaka kwake. Kila asubuhi aliifuta vumbi mwenyewe kwa leso yake ya mfukoni. Ilikuwa imechapwa na sisi na prufu yake niliisahihisha mimi, kwa hiyo naweza kuthibitisha kwamba haikuwa na kosa hata moja la herufi.

Sasa nije kwenye mchezo. Mwalimu mmoja mgeni alikuwa amewaletea vijana wa Buxton mchezo wa kuigiza mezani. Hauna ubao kama wa keram wala vipande kama vya dumna. Watu wanakaa, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja anabeba mtu wa kubuni: shujaa, mchawi, jini, mbilikimo. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye pango," nawe unasema utafanya nini, kisha unarusha dadu kujua kama umefaulu. Vijana walipagawa. Waliacha hata mpira. Bwana Twaha alipoona vile, akaamua tutatoa mchezo wetu wenyewe, kwa Kiswahili, wenye mazimwi na majini ya kwetu, na mimi nikakabidhiwa upande wa lugha.

Kitabu cha kanuni za ule mchezo wa kigeni nilikisoma chote. Mambo ya mapanga yalinipita, lakini sura ya lugha niliisoma mara mbili kwa mshangao. Humo kila taifa lina lugha moja, basi. Majini wote, wa milimani na wa baharini, wanasema kijini kimoja na hakuna anayemcheka mwenzake kwa lafudhi. Mtoto wa zimwi anazaliwa na kizimwi kinywani, hata akilelewa na nani, maana lugha inarithiwa kama pua. Nami nilikuwa nikiishi katika mji ambao mwanamke mmoja hununua samaki kwa lugha moja, akagombana na jirani kwa ya pili, akasali kwa ya tatu, na akilala akaota kwa lugha ambayo mumewe haijui. Nilimwambia Bwana Twaha kwamba sura hii aliyeiandika hajapata kufika sokoni. Akasema sura ni nzuri, inarahisisha.

Tukakaa kikao cha kugawa lugha. Bwana Twaha alikuwa amekwisha gawa kabla hatujakaa. Majini wema, wenye majumba na manukato, wangesema Kimvita safi cha ndani kabisa, kile cha nyanya zake. Mbilikimo wa madukani wangepewa Kiswahili cha wenye maduka ya vitambaa, "ili watu watambue mara moja." Vibwengo wezi wangesema kama watu wa Nairobi. Hapo Mzee Athmani alikohoa, kwa sababu mkwe wake ni wa Nairobi na alikuwa amemwibia binti yake tu.

"Na mazimwi?" nikauliza.

Bwana Twaha akainua kidevu kuelekea upande wa Makupa, kule ambako kisiwa kinakwisha na bara inaanza. "Mazimwi tuwape maneno ya huko. Kigiriama, Kirabai, chochote. Rukia, utakusanya."

Dama alikuwa mezani kwake anamalizia meno ya zimwi kwa wino mweusi. Hakuinua uso.

"Nimewachora wiki nzima," akasema. "Sikujua kumbe ni jamaa zangu."

Bwana Twaha akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi nilimjua Dama, haukuwa mzaha. Mchana hakugusa mahamri. Akaniambia: "Dada Rukia, mchezo huu utaingia skuli. Sidi wangu akinena na nyanyake kwa simu, wenzake watasema sikilizeni, zimwi yuanena. Wakichapa hivyo, mimi hapa sikai." Alilisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Nikapata ugonjwa ambao wahariri wote mnaujua: kila nilipoulizwa ile orodha ya maneno iko wapi, nilijibu kwamba bado naipitia.

Wakati huo huo majaribio yalianza. Jumamosi jioni vijana walikuja kiwandani, wakiongozwa na Omari, mwanafunzi wa ufundi wa magari, mrefu, mwenye adabu nyingi. Msimulizi alikuwa Mzee Athmani kwa sababu ya sauti yake. Shujaa wa Omari akafika pangoni, upanga mkononi.

"Zimwi yuwatoka pangoni," akasema Mzee Athmani kwa sauti nzito. "Mrefu kama mnazi. Amekusimamia mbele."

"Salaam aleikum," akasema Omari.

Msiulize kwa nini. Ndivyo alivyolelewa, mtu akikutokea mbele, unatoa salamu, mengine baadaye. Na Mzee Athmani, ambaye hajapata kuiacha salamu ikaning'inia, akaitikia. Kisha Omari akauliza hali. Zimwi akasema njema, kwa rehema ya Mungu. Na nyumbani? Nyumbani, zimwi akasema, si kwema sana, mke ana homa tangu juzi. Vijana wakasikitika. Zimwi akawakaribisha ndani, wakaletewa kahawa chungu na halua, na yule aliyekuwa mchawi akaitumia dawa yake yote ya uponyaji kwa mke wa zimwi. Mpaka adhana ya magharibi, hapana aliyechomoa upanga.

Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile, ila safari hii walialikwa harusi ya binti wa zimwi.

Bwana Twaha alikuwa akikaribia kulia. "Huu ni mchezo wa vita! Zimwi ni wa kuuawa!"

"Bwana," akasema Omari kwa upole, "mtu amekuitikia salamu, umekula halua yake, umemjua na mke wake mgonjwa. Utamkataje kichwa?"

Wale wa kitabu cha kigeni hawakuwa na shida hii, nadhani kwa sababu kwao mtu hukutana na mtu akaanza na jambo lake. Bwana Twaha alifikiri siku kadhaa, kisha akaja na kanuni mpya: mazimwi hawana salamu. Lugha yao haina kabisa neno la kuamkiana. Nami nikaielewa kazi ya zile lugha zote za kitabuni. Ukitaka kumuua mtu bila kukosa usingizi, unaanza kwa kumnyima salamu.

"Na ndiyo maana maneno ya bara yanafaa," akaongeza Bwana Twaha. "Salamu zao si za maana."

"Nani alikwambia?" Dama akauliza.

Bwana Twaha akageuka, akaanza kufuta kioo cha shajara.

Siku ya maonyesho ikapangwa Jumapili asubuhi nyumbani kwa Bwana Twaha, mitaa miwili kutoka kiwandani. Alikuwa amemwalika bwana mmoja mwenye maduka ya vitabu, ambaye angeuchukua mchezo au angeuacha. Mzee Athmani alikataa kuwa zimwi. Alisema umri wake haumruhusu kumkatalia mtu salamu, hata kwa mchezo. Basi Bwana Twaha akamgeukia Dama: "Wewe utakuwa zimwi. Sema maneno yenu yoyote tu, hakuna atakayejua. Hata kukariri huna haja."

Dama akakubali. Nilishangaa, nikadhani amekata tamaa na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho nasi. Alikuwa amekwisha funga brashi zake kwenye kitambaa.

Tukakaa ukumbini juu ya busati. Mwenye maduka alipewa mto wa kuegemea. Kwenye mlango wa chumba cha ndani palikuwa na pazia la maua, na nyuma yake alikuwako mama yake Bwana Twaha, Bi Mwanaisha, kikongwe ambaye miguu ilikuwa imemchoka na ambaye sisi wa kiwandani tulimjua kwa sauti ya tasbihi yake tu. Mzee Athmani akasimulia njia, giza, harufu ya pango. Omari akasimama na upanga wake wa kadibodi, mdomo ameubana asije akateleza na salamu. Alikuwa ameonywa.

"Zimwi yuwatoka," akasema Mzee Athmani.

Dama akatoka nyuma ya kabati. Hakunguruma wala hakunyoosha kucha. Alifunga mikono mbele, akainamisha kichwa kidogo kama anayeingia kwa wakubwa zake, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mulamukadze?"

Kwa kanuni za mchezo, hapana mtu mle ndani aliyeijua lugha ile. Omari alikuwa ameshika dadu, anamtazama Bwana Twaha.

Jibu likatoka nyuma ya pazia.

Lilitoka lote, refu, kwa Kigiriama, kwa sauti ya kikongwe iliyokuwa ikipanda kadiri inavyokwenda. Dama akashtuka, akaitikia. Sauti ikauliza. Dama akajibu. Ikauliza tena. Sikuelewa maneno, lakini mpangilio niliuelewa kama ninavyowaelewa watu wangu: hali, nyumbani, wazee, watoto, mvua, mifugo. Ilikuwa ndefu kuliko zetu. Kisha pazia likafunguliwa, na Bi Mwanaisha akatoka ameshika ukuta, leso imemteleza begani.

"Ni nani huyo aniamkuae?" akasema, sasa kwa Kimvita, akimwashiria Dama aje karibu. "Ndoo, mwanangu. Ndoo nikuone. Wewe u mtoto wa nyumba ya nani?"

"Mama," akasema Bwana Twaha, "ni mchezo tu."

"Mtezo gani? Mtu yuwaniamkua nawe wamwita mtezo?" Alikwisha kumshika Dama mikono yote miwili. "Mimi ni wa Kaloleni. Jina langu la kwetu ni Kadzo. Tangu babako anilete nyumba hii sijaamkuliwa kikwetu, Twaha. Hata siku moja. Nilidhani nitakufa hivyo."

Akalia, na Dama akalia, na mimi sioni haya kusema kwamba nililia pia. Mzee Athmani alijishughulisha sana na kufuta miwani. Kisha, akiwa bado anafuta, akasema kana kwamba anasoma prufu: "Kwa mujibu wa kitabu mkato lugha hurithiwa. Basi bwana mwenyewe alitakiwa kuitikia nukta."

Mwenye maduka, ambaye hakuwa ameelewa chochote ila alikuwa akifurahia sana, akauliza: "Sasa yule kijana anapiga au hapigi?"

Omari akaliweka dadu juu ya busati. "Mimi sipigi," akasema.

Kesho yake tulikaa kikao kifupi. Bwana Twaha alisema maneno ya bara yaondoke, akasema akitazama dirishani. Lakini mazimwi walihitaji lugha, na isiwe na salamu, la sivyo tungerudi kwenye halua. Hapo Mzee Athmani akauliza kama kati yetu kuna aliyepata kuitikiwa salamu kwenye dirisha la ofisi yoyote ya kutoa vibali katika mji huu. Hapakuwa na aliyepata. Basi mazimwi wetu wakapewa lugha ya dirishani, na orodha niliimaliza mchana mmoja, mimi niliyekuwa mgonjwa wa orodha. "Njoo kesho." "Mhusika hayupo." "Leta nakala nyingine." "Hapa siyo, ni lile dirisha jingine."

Tukajaribu Jumamosi. Zimwi akatoka pangoni, Omari akatoa salamu, zimwi akasema mhusika hayupo. Sijapata kuona upanga wa kadibodi ukichomolewa kwa kasi ile. Walimpiga zimwi, wakampiga na mwenzake aliyekuwa kwenye lile dirisha jingine, na mwenye maduka ya vitabu, aliyealikwa tena, akauchukua mchezo siku hiyo hiyo.

Nyinyi mnaokaa sasa mkibuni watu wa kompyuta na kuwapa lafudhi, nimewaandikia haya kwa sababu hiyo. Mkimpa zimwi lugha ya mtu, mjue mtu huyo yuko karibu. Huenda yuko nyuma ya pazia.

Mnauliza Dama je. Wiki ile hatukujua kama atabaki. Alikuja kazini, akapanga kurasa, lakini brashi zake zilibaki zimefungwa kwenye kitambaa, na hakunena na Bwana Twaha ila kwa jambo la kazi. Jioni alipitia kwa Bi Mwanaisha, na siku nyingine alimchukua Sidi, wakakaa nyuma ya pazia wakinena mpaka usiku uingie.

Kisha asubuhi moja Bwana Twaha akaingia kiwandani. Hakwenda kwenye shajara yake. Alisimama mbele ya meza ya Dama, ameshika kofia, akasema lile neno la Kigiriama, kwa haraka na kwa kulivunja, huku macho yameangalia saa ya ukutani.

Mashine ikazimwa. Dama akaweka wembe chini, akamtazama mwenye kiwanda.

"Toka nje," akamwambia, "uingie tena."

Bwana Twaha akatutazama sisi. Mzee Athmani alikuwa ameinamia rula yake. Basi akatoka. Tukamwona kupitia mlangoni amesimama kichochoroni mbele ya muuza kahawa, midomo inatikisika, anajifunza. Kisha akaingia, polepole, akamwamkia Dama kama mamake alivyomfundisha, akamwuliza hali ya nyumbani, ya wazee, ya Sidi, mvua, mifugo, asiruke hata moja.

Dama akamwitikia yote. Alipokwisha, akavuta kile kitambaa cha brashi, akakifungua.